Lita Ishirini, Kwenda na Kurudi

Sipendi mtu asimame mbele ya gereji yangu aniulize, "Fundi, gari gani linakula mafuta kidogo?" Nitamjibu vibaya. Vijana wa hapa Rusimbi wameshanizoea. Wananiambia, "Mzee Leonardi, punguza munkari, mtu kauliza tu." Kauliza tu! Hata mimi niliulizwa tu, mwaka wa tisini na nane, na aliyeniuliza alikuwa rafiki yangu Hamdani.

Hamdani alikuwa mtu wa Ujiji, babu zake Wamanyema waliovuka ziwa na biashara wakabaki. Mrefu, mkavu, kofia yake ya kushonwa kwa mkono haimtoki kichwani hata akiwa amelala chini ya gari. Alikuwa na pikapu, Pijo kuukuu yenye injini ya cc 1800, akinunua dagaa ufukweni Katonga na kuwapandisha Kasulu. Mimi ni Muha wa Heru Juu, Mkristo. Siku ya Idi nilikula kwake, Krismasi akala kwangu, mradi kuku amchinje mwenyewe. Gari lake sikumruhusu fundi mwingine aliguse.

Nilikuwa nikimtania kwa jambo moja: mke. Ukimwona Hamdani anaharakisha, ujue anarudi kwa Mwamini. "Wewe umelishwa nini?" namwuliza. Anacheka tu. Mwamini naye alikuwa na mdomo, mwanamke yule! Akinikuta gereji na mikono ya grisi ananiambia, "Shemeji, nikikufua wewe na nguo zako, sabuni ya mwezi itaisha." Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, akaletwa mgongoni mwa mama yake mwaka wa sabini na mbili watu walipokuwa wanachinjwa kule. Kiswahili chake kilikuwa cha Ujiji, chuo cha Kurani alisoma Ujiji, vitumbua aliuza Ujiji. Ukimwuliza kwao wapi anakushangaa.

Walikuwa hawana mtoto. Mimba mbili zilifika miezi tisa na zote mbili mtoto alifia njiani wakati wa kuzaa, nyonga ya mama ilikuwa nyembamba. Daktari wa Kigoma alimwita Hamdani akamwambia waziwazi: mimba ya tatu, mama asisubiri uchungu. Aletwe hospitali mapema, apasuliwe. Uchungu ukimkutia mbali, utawakosa wote wawili. Hamdani alikuja kunisimulia maneno hayo akiwa ameshika spana yangu, akaondoka nayo mpaka nyumbani bila kujua.

Sasa mimba ya tatu iliingia mwaka wa tisini na saba, na mwaka huo ndio ule. Kigoma ilikuwa imefurika. Vita ya Burundi haijapoa, ya Zaire imewaka, boti zinashusha watu usiku na mchana, wengine na godoro kichwani, wengine mikono mitupu. Ikatoka amri: yeyote aliyetoka ng'ambo na hana karatasi, akae kambini. Wale wa juzi na wale wa zamani, wote wakasombwa pamoja. Mwamini karatasi angepata wapi? Alikuja akiwa mgongoni! Kuna mtu wa mtaani alimtaja. Namjua, na simtaji, maana nikimtaja nitatukana. Walimpakia kwenye lori na mimba ya miezi mitatu, khanga mbili na sufuria.

Hamdani alizunguka kila ofisi. Aliambiwa alete cheti cha ndoa, akaleta. Akaambiwa cheti hakibadilishi kuzaliwa. Basi.

Kambi ilikuwa mbele ya Kasulu, kilometa mia moja na kumi kutoka Ujiji. Mgeni anaruhusiwa kuingia asubuhi na ikifika saa kumi jioni awe ametoka, hakuna kulala. Kwa hiyo Hamdani akageuka kuwa mtu wa barabara. Anaswali alfajiri, anapakia magunia ya dagaa, saa nne au saa tano yuko langoni, anauza upesi upesi kwenye soko la kambi, halafu anakaa na mkewe kwenye kijumba cha turubai mpaka muda wa kufukuzwa. Kisha kilometa mia na kumi nyingine za kurudi. Mara tatu kwa wiki. Barabara yenyewe ya vumbi na mawe, na njiani kuna mlima madereva waliuita Kata Pumzi.

Geji ya mafuta ya Pijo ile ilikufa zamani. Hamdani alikuwa na kijiti cha mpera, amekichonga alama kwa kisu, kila alama lita moja. Anafungua tangi, anakitumbukiza, anakitoa, anakiangalia kabla hakijakauka. Alikitunza kama mswaki wake. Na alikuwa na ile tabia ya madereva wote wa njia hiyo: akifika kwenye mteremko anazima injini, anatia fri, gari linateleza lenyewe kimya mpaka chini, halafu analiwasha kwa gia. Kwa safari moja aliokoa lita mbili, mara nyingine tatu. Nilimkataza mara ngapi! Ukizima, breki inakuwa ngumu. Ananijibu, "Fundi, gari tupu hilo, hata mguu wangu unalizuia."

Halafu ikaja mvua ile ya Elinino. Reli ikasombwa, na mafuta ya Kigoma yote yalikuja kwa reli. Kituo kikaanza mgao: lita ishirini Jumatatu, lita ishirini Alhamisi, hata ulie machozi ya damu. Pijo ilikuwa inataka lita ishirini na nane kwenda na kurudi. Piga hesabu. Hamdani akawa anakwenda mara moja tu kwa wiki. Alijaribu petroli ya wavuvi wa Katonga, ile iliyokwisha kuchanganywa na oili ya injini za boti, gari likatoa moshi kama tanuri la matofali, na baadaye hata hiyo ikakosekana.

Alikuja kwangu siku moja ya Januari, amekaa kwenye tairi bovu pale mlangoni.

"Jumatano Mwamini alinisubiri langoni tangu asubuhi," akasema. "Amesahau kuwa siku hizi siendi Jumatano. Walimwondoa jua linazama."

Akainua uso.

"Fundi, kuna injini inayokula kidogo?"

Swali ndilo hilo. Na mimi nilikuwa na jibu lililolala chini ya turubai: injini ya cc 1300 ya gari dogo lililopinduka, yenyewe haina hata mkwaruzo. Nikamwonyesha. Nikamwambia nitaitoa ile ya Pijo, nitaiweka hii, nitachomelea vishikizo vipya, siku tatu kazi imekwisha. Na malipo? Usinilipe, nikamwambia, niachie injini yako ya zamani.

Hapo naomba mnisikilize vizuri, maana watu wakisimuliwa habari za Hamdani hulaumu mvua, hulaumu kambi. Nassib, mwenye boti la abiria la Ilagala, alikuwa amenisumbua miezi sita akitaka injini ya gari yenye nguvu. Nilikuwa nimekwisha kumwahidi. Niliitaka injini ya Hamdani kabla Hamdani hajafungua mdomo.

Alinitazama akauliza, "Na ikibeba mzigo, je?"

Fundi yeyote anajua jibu. Injini ndogo inabana mafuta ikiwa imeachwa ijikokote na gari jepesi, njia tambarare, mguu umegusa tu. Ipe uzito, ipe mlima, dereva akanyage mpaka sakafuni, utaikuta gia ya pili inalia na kabureta inamwaga kama bomba lililopasuka. Hapo inakunywa kuliko ile kubwa, maana kubwa ingepanda mlima huohuo bila kuhema. Ni sawa na kumtwisha mtoto gunia la mhogo: atafika amekunywa mtungi mzima wa maji, kama atafika. Nilijua yote hayo. Nilifundishwa Tabora kwenye karakana ya reli, sikuokota ufundi barabarani.

"Dagaa ni mzigo?" nikamjibu. "Gunia la dagaa ni kubwa kwa macho tu. Inakwenda, bwana."

Tukaijaribu. Nikafunga chupa ya lita moja kwenye boneti, nikaingiza mpira kwenye kabureta, tukakimbia Ujiji na Kigoma, kwenda na kurudi, njia nzuri, wawili tu ndani ya gari. Chupa ilikauka kilometa ya kumi na tatu. Hamdani alinikumbatia palepale barabarani, grisi na yote. Kupanda mlima hatukujaribu, na kuweka mzigo hatukuweka. Alishukuru Mungu, akanishukuru na mimi.

Na kweli, kwa wiki nane au tisa nilikuwa shujaa. Lita ishirini zikawa zinatosha safari nzima, na akizima kwenye miteremko anarudi na lita moja ya akiba, nayo inaishia kwenye kufuata dagaa Katonga. Jumatatu yuko kambini, Alhamisi yuko kambini. Mwamini alinitumia salamu: "Mwambie shemeji nikitoka huku nitamfulia bure." Mke wangu Dorotea akawa ananisifia kanisani. Injini ya zamani nayo ilikwisha kwenda Ilagala, na nilipata nilichopata.

Mimba ikafika miezi minane na nusu. Hamdani alikuwa ameomba kibali cha kumtoa mkewe kwenda kupasuliwa Kigoma, barua ikazunguka mezani kwa mabwana wiki tatu. Ikasainiwa siku ya Jumatano, na Alhamisi asubuhi Hamdani akachukua mgao wake, lita ishirini, hakupakia hata gunia moja la dagaa. Aliweka godoro nyuma, akaondoka. Alipita hapa gereji akapiga honi. Nilimpungia mkono.

Yaliyofuata niliyasikia kwa Sista Evaline, nesi wa kambini, binti wa Njombe, na mengine kwa Hamdani mwenyewe.

Alifika kambini saa nne. Akatumbukiza kijiti: zimebaki lita kumi na moja. Kwa kurudi alihitaji tisa. Mwamini alikuwa tayari langoni na kifurushi chake, amejifunga khanga mpya. Uchungu bado. Kila kitu kilikuwa sawa, jamani, kila kitu.

Ndipo Sista Evaline akamjia Hamdani. Gari la wagonjwa la kambi lilikuwa limelala siku ya nne bila mafuta. Alikuwa na mzee mwenye ngiri iliyojisokota, anapiga kelele. Alikuwa na mtoto wa miaka miwili mwenye malaria iliyopanda kichwani, na mama yake. Alikuwa na msichana aliyeungua miguu kwa uji. Na mgonjwa wetu huku hasafiri peke yake, mnalijua hilo: anakwenda na wa kumpikia, wa kumwogesha na wa kumshika mkono, pamoja na sufuria na kuni zao. Ukimwambia mtu mpeleke ndugu yako hospitali peke yake, umemwambia mtupe. Hamdani alikuwa na gari na barua ya kutoka. Angesemaje? Walipanda. Nyuma walikaa wanane na mizigo yao. Mbele walikaa Mwamini na Sista Evaline. Pamoja na dereva ni watu kumi na mmoja.

Kilometa tano tu na Hamdani akajua gari si lilelile. Matope yalikuwa bado mazito, injini inalia gia ya pili, akitia ya tatu inataka kufa. Na kwenye miteremko alishindwa kuzima. Gari tupu mguu wake ungelizuia, lakini lile lililojaa wagonjwa, breki ngumu na kona chini yake? Hakuthubutu. Kwa hiyo aliteremka injini inaunguruma na akapanda injini inapiga yowe, na ile akiba ya fri aliyoizoea siku hiyo haikuwapo. Walipofika nusu ya njia alisimama akatumbukiza kijiti. Zilibaki lita nne.

Mwamini alichungulia dirishani. "Kijiti kinasemaje?"

"Kinasema tutafika."

Alikuwa hajui kudanganya, mtu yule. Aligeuka akawatazama wale wa nyuma. Sista Evaline anasema alimwona akiwahesabu kwa macho, na Mwamini naye alimwona.

"Hamdani," akasema, "usimshushe mtu. Mimi nimepandishwa gari nisilolitaka. Usije ukamshusha mtu porini asikotaka."

Hakumshusha mtu. Wakaendelea. Kwenye mitikisiko ile uchungu ukaanza. Mwamini hakusema mpaka ulipokuwa umekolea, alikuwa akishika kishikio cha mlango na kuuma khanga.

Chini ya Kata Pumzi injini ikakohoa. Hamdani alikanyaga, ikapanda hatua ishirini, ikakohoa tena, ikanyamaza. Zimebaki kilometa thelathini kufika mjini. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali baada ya mvua. Wenye nguvu walishuka wakasukuma, ikasogea kidogo, ikarudi nyuma. Hakuna gari lililopita. Malori yalikuwa yamekwama mbele huko kwenye daraja, na wenye magari madogo walikuwa nyumbani wanasubiri mgao.

Hamdani alichukua dumu akakimbia. Alikimbia mpaka kijiji cha pili, huko kulikuwa na katekista, jina lake Martini, mwenye pikipiki. Martini hakuuliza kitu. Alilaza pikipiki chini akamiminia dumu mafuta yote aliyokuwa nayo, lita tatu. Hamdani akakimbia kurudi. Alikuwa amekwenda zaidi ya saa mbili.

Alipokaribia aliwaona wale watu wamesimama barabarani, wote wamempa mgongo. Wanawake walikuwa wametandaza vitenge kuzunguka godoro. Sista Evaline alitoka pale na mikono yake imelowa damu mpaka kwenye viwiko, akasema, "Kaka Hamdani, pole." Mtoto alikwama. Mama alitokwa damu, haikuzuilika. Nilimwuliza Sista kama Mwamini alisema kitu. Akaniambia alikuwa akiuliza, "Amerudi?" Basi, hicho tu.

Sasa sikilizeni na hili. Mzee wa ngiri, yule aliyekuwa analia njia nzima, alijikongoja akateremka ukingoni mwa barabara, akasema, "Nenda, mwanangu, kamzike. Sisi tutapata gari lingine." Wote wakashusha mizigo yao. Nyuma akalazwa marehemu peke yake, na mbele Sista, na yule mama na mtoto wake wa malaria, maana Sista alikataa katakata kumwacha. Hamdani akatia lita tatu. Gari likawa jepesi. Likapanda Kata Pumzi gia ya tatu bila kelele. Kwenye miteremko akazima, akatia fri, likateleza kimya mpaka chini. Lita tatu zikamfikisha hospitali, zikamfikisha Ujiji, na alipotumbukiza kijiti mlangoni kwake kilitoka kimelowa.

Tulimzika Mwamini jioni ileile kabla ya magharibi, na mtoto wake kifuani pake. Watu walijaa mpaka njiani. Siku hiyo hakuna aliyeuliza karatasi zake. Yule mtoto wa malaria alipona. Mzee wa ngiri alichukuliwa na lori kesho yake asubuhi, sikujua aliishia wapi.

Hamdani hakunilaumu, na heri angenilaumu. Nilikwenda matanga siku zote tatu nikikaa kwenye mkeka nikisubiri anitukane, na kila nilipoaga alinisindikiza mpaka barabarani kama kawaida. Pijo aliiuza. Alirudi kwenye dagaa, safari hii kwa mkokoteni, Katonga mpaka sokoni. Hakuoa tena.

Ulipita kama mwaka. Asubuhi moja nilikuwa Katonga natafuta migebuka ya kitoweo, nikamkuta amesimama karibu na maji, mkokoteni wake pembeni. Boti la Ilagala lilikuwa linaingia. Lilikuwa limejaa kupita kiasi, watu, mbuzi, magunia ya mhogo, mabati, maji yamebaki kiganja kimoja kufika ukingoni. Na injini inavuta taratibu, sauti nzito, haihemi wala hailii.

Mwenye gari anaijua sauti ya injini yake. Nilimwona anavyoinamisha kichwa kusikiliza. Nilitaka kuondoka, nikachelewa.

"Fundi," akasema bila kugeuka. "Ile si ya kwangu?"

"Ni ya kwako."

Tukaliangalia boti mpaka likagusa mchanga. Watu wakaanza kuteremka, mmoja mmoja, na yeye akawa anawahesabu kwa midomo. Alifika arobaini na kitu akaacha.

"Ingepanda ile?" akaniuliza.

Nilikuwa na maneno mengi. Kwamba lita ishirini zisingemfikisha nayo pia, kwamba angekuwa anamwona mkewe mara moja kwa wiki, kwamba mvua, kwamba mgao. Mengine yalikuwa kweli. Lakini angekuwa ameweka akiba ya migao miwili akaenda siku moja na tangi limejaa, na Kata Pumzi angeipanda na watu kumi na mmoja bila kubadili gia. Alijua. Mwaka mzima alikuwa anajua, alitaka tu kusikia kwa mdomo wangu.

"Ingepanda," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akashika mishikio ya mkokoteni wake, akaniambia, "Haya, Fundi, msalimie Dorotea," akaanza kusukuma kupandisha kilima cha Katonga, na dagaa wake. Nilimfuata nimsaidie kusukuma. Akanizuia kwa mkono.

"Acha," akasema. "Si mzito."